Dozi Sita, Saa Sitini: Mwongozo Kamili wa Kumeza Dawa Mseto ya Malaria Bila Kulea Usugu

Lalamiko linalorudi kila mara ni hili: "Nilimeza dawa, nikapata nafuu, wiki mbili baadaye homa imerudi. Malaria yangu imekuwa sugu." Huenda ni kweli. Lakini ukimhoji mtu taratibu, mara nyingi unakuta dozi ya pili ilisogezwa hadi asubuhi kwa sababu ya usingizi, vidonge vyote vilishushwa kwa maji matupu, na vinne bado vimo kwenye pakiti, "vya akiba".

Mwongozo huu ni wa malaria isiyo kali inayotibiwa kwa vidonge vya artemetha na lumefantrini, yaani ALU, dawa mseto inayotumika sana barani Afrika. Kama umepewa mseto mwingine, kwa mfano artesunati na amodiakwini, au dihidroartemisinini na piperakwini, hatua nyingi ni zile zile, ila ratiba na masharti ya chakula hubadilika. Na popote maelekezo ya mhudumu aliyekupima yanapotofautiana na ya humu, fuata ya kwake.

## Andaa haya kwanza

- Matokeo ya kipimo yaliyoandikwa, yenye tarehe.
- Uzito wa mgonjwa wa sasa hivi. Uzito wa kadi ya mwaka jana haufai, hasa kwa mtoto.
- Pakiti kamili ya dawa, isiyofunguliwa, ikiwa na karatasi yake ya maelezo.
- Kitu chenye mafuta cha kula au kunywa mara sita.
- Maji safi, kikombe na kijiko.
- Karatasi, kalamu na saa au simu yenye kengele.
- Kipimajoto.
- Parasetamoli ya kushusha homa, kwa kiwango kinacholingana na uzito. Aspirini isipewe mtoto.
- Mpango wa kufika kituo cha afya hata ikiwa ni usiku.

Kinachokosekana mara nyingi hapa ni karatasi na kalamu. Watu huamini watakumbuka. Mtu mwenye homa ya nyuzi 39 hakumbuki.

## Hatua ya 1: Pima kabla ya kumeza

Homa si malaria mpaka kipimo kiseme. Nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya matumbo na hata mafua huanza kwa dalili hizo hizo. Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, kwa kipimo cha haraka au kwa hadubini.

Kumeza bila kupima kuna madhara mawili. La kwanza liko wazi: ugonjwa halisi unaendelea kukomaa huku unatibu mwingine. La pili halionekani. Lumefantrini hukaa kwenye damu kwa siku kadhaa huku kiwango chake kikishuka. Mbu mwenye vimelea akikuuma katika siku hizo, vimelea vipya vinakuta dawa kidogo, isiyotosha kuviua vyote. Vilivyo dhaifu vinakufa, vyenye uwezo wa kustahimili vinabaki na kuzaana.

Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Kisomwe kwa muda ulioandikwa, si kabla na si baada ya saa nzima. Mstari wa udhibiti, ule wa herufi C, usipotokea, kipimo hicho ni batili hata kama mstari mwingine umejitokeza.

Tahadhari: jibu likiwa hasi na dalili zikaendelea, rudi upimwe tena, safari hii kwa hadubini. Vipimo vingi vya haraka hutafuta protini iitwayo HRP2, na viko vimelea, hasa katika eneo la Pembe ya Afrika, vilivyopoteza jeni ya kuitengeneza. Kipimo hakivioni ingawa vimo.

## Hatua ya 2: Hakikisha hii si malaria kali

Vidonge si vya kila mgonjwa. Usianze matibabu ya nyumbani ukiona hata moja kati ya dalili hizi:

- degedege, kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu;
- kutapika kila kitu, au mtoto kushindwa kunywa au kunyonya;
- udhaifu unaomfanya mtu ashindwe kukaa au kusimama bila msaada;
- kupumua kwa shida;
- macho ya manjano, mkojo mweusi, au kutokwa damu isivyo kawaida;
- weupe mkubwa wa viganja na midomo.

Mtu huyo anahitaji sindano ya artesunati na uangalizi wa kituoni, sasa hivi. Malaria ya falsiparamu, aina iliyo hatari zaidi, inaweza kutoka kwenye homa ya kawaida hadi hali ya kuhatarisha maisha ndani ya siku moja au mbili, na kwa mtoto mdogo haraka zaidi.

Wapo pia wasio na dalili za hatari lakini wasiopaswa kujitibu bila mhudumu: mtoto wa chini ya kilo 5, mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, na anayetumia dawa nyingine za kila siku. Rifampisini ya kifua kikuu na efavirenzi ya VVU hupunguza kiwango cha dawa ya malaria kwenye damu, hivyo mtu anaweza kumeza dozi zote kwa uaminifu na bado asipone. Taja kila dawa unayotumia, hata kama hujaulizwa. Kwa mjamzito, tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza ALU hata katika miezi mitatu ya kwanza, lakini hilo liamuliwe kliniki.

Neno kwa waliotoka kulazwa, maana hapa ndipo wengi hupotea. Sindano ya artesunati hutolewa kwa angalau saa 24. Mgonjwa akiweza kumeza, anatakiwa kupewa dozi kamili ya dawa mseto ya siku tatu. Si nyongeza ya hiari. Artesunati huondoka kwenye damu ndani ya saa chache, na ikiachwa peke yake kwa siku moja au mbili, vimelea vilivyosalia hurudi. Ukiruhusiwa kwenda nyumbani bila vidonge mkononi, uliza kabla ya kutoka mlangoni.

## Hatua ya 3: Kagua dawa na uhesabu vidonge

Angalia kwanza kama ni mseto kweli. Pakiti itaje dawa mbili. Ikitaja artesunati peke yake au artemetha peke yake kwa ajili ya kumeza, usiichukue. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitaka vidonge vya artemisinini pekee (jamii ya dawa ambamo artesunati na artemetha zimo) viondolewe sokoni, kwa sababu ndiyo njia fupi ya kuvizoesha vimelea dawa tuliyobaki nayo.

Kisha soma tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Kwenye boksi na kwenye kipande chenye vidonge ziwe zile zile. Maandishi yaliyopinda, herufi zilizokosewa, vidonge vilivyomeguka au kubadilika rangi ni sababu tosha ya kurudisha. Dawa bandia inaweza isiwe na dawa ndani kabisa. Ile iliyo hafifu ni mbaya kwa namna nyingine: ina dawa kiasi cha kukuondolea homa na kuacha vimelea.

Sasa hesabu. Kwa vidonge vya miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini:

- Kilo 5 hadi chini ya 15: kidonge 1 kila dozi, jumla 6.
- Kilo 15 hadi chini ya 25: vidonge 2 kila dozi, jumla 12.
- Kilo 25 hadi chini ya 35: vidonge 3 kila dozi, jumla 18.
- Kilo 35 na zaidi: vidonge 4 kila dozi, jumla 24.

Kuna mtego hapa. Vipo vidonge vya nguvu kubwa, vya miligramu 80 na 480, ambapo kimoja ni sawa na vinne vya kawaida. Mtu mzima akipewa hivyo, pakiti ina vidonge 6 tu na dozi yake imetimia. Aliyezoea 24 hudhani amepunjwa. Soma namba za miligramu kabla ya kulalamika, na kabla ya kumeza vinne kwa mkupuo.

Hifadhi pakiti mahali pakavu, pasipozidi nyuzi 30, mbali na dirisha lenye jua na mbali na watoto. Usivitoe vidonge kwenye vifuko vyake kabla ya wakati.

## Hatua ya 4: Andika ratiba yako kabla ya kidonge cha kwanza

ALU humezwa mara sita: saa unapoanza, kisha baada ya saa 8, halafu saa ya 24, ya 36, ya 48 na ya 60, zote zikihesabiwa tangu dozi ya kwanza.

Ukianza saa 2 asubuhi, ratiba ni hii:

Siku ya kwanza: saa 2 asubuhi, saa 10 jioni.
Siku ya pili: saa 2 asubuhi, saa 2 usiku.
Siku ya tatu: saa 2 asubuhi, saa 2 usiku.

Hiyo ni rahisi. Tabu huanza pale kipimo kinapotoka jioni. Dozi ya kwanza ikimezwa saa 1 usiku, ya pili inaangukia saa 9 usiku, na zinazofuata ni saa 1 usiku na saa 1 asubuhi kwa kupokezana hadi ziishe. Hiyo ya saa 9 usiku ndiyo inayoliwa na usingizi. Usichelewe kuanza ili upate ratiba nzuri. Anza, weka kengele, amka. Na kumbuka simu husoma saa kwa mtindo wake: saa 9 usiku ni 03:00, saa 2 usiku ni 20:00. Kengele iliyowekwa 09:00 inakuamsha saa tatu asubuhi, umechelewa saa sita.

Kwa nini ya pili inawahi hivyo? Artemetha huisha haraka mwilini, na siku ya kwanza ndipo vimelea vilipo vingi kuliko wakati mwingine wowote. Dozi mbili za karibu huvipiga kabla havijapumua.

Wahudumu wengine hurahisisha siku ya pili na ya tatu kuwa "asubuhi na jioni". Hilo linakubalika. Pengo la saa 8 za mwanzo ndilo la kulinda.

Umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi yenye mistari sita, kila mmoja na siku na saa yake, na nafasi ya kuweka alama ya vema.

## Hatua ya 5: Meza pamoja na mafuta

Kama kuna hatua moja ningeiandika kwa herufi kubwa juu ya kila pakiti, ni hii. Watu wanaambiwa "meza baada ya kula" na wanaelewa kwamba chakula ni cha kuzuia dawa isichome tumbo. Sivyo. Lumefantrini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Bila mafuta, sehemu kubwa yake hupita tumboni na kutoka bila kuingia kwenye damu. Vipimo vya watengenezaji vilionyesha kwamba mlo wenye mafuta mengi huongeza kiasi cha lumefantrini kinachoingia kwenye damu hadi mara 16 kuliko mtu anapomeza akiwa hajala kitu.

Si lazima mgonjwa alazimishwe sahani nzima. Mafuta kidogo yanatosha: kikombe cha maziwa yasiyoondolewa mafuta, yai, karanga, parachichi, uji uliotiwa maziwa au siagi. Chai ya rangi na mkate mkavu havihesabiki. Mtoto anayenyonya anyonyeshwe mara baada ya dawa; maziwa ya mama yana mafuta.

Siku ya kwanza mtu hana hamu ya kula, hilo linajulikana. Alipe tumbo kitu kidogo cha mafuta, ameze, na aongeze chakula hamu inaporudi. Hamu inaporudi ndipo dawa inaponyonywa vizuri zaidi, na ndiyo sababu nyingine ya kutokatisha dozi za mwisho: hizo ndizo zinazojaza lumefantrini mwilini.

Kwa watoto, vipo vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji. Tia kwenye kikombe chenye maji kidogo, subiri, koroga, mpe anywe yote, kisha suuza kikombe kwa maji kidogo na umpe tena. Kinachobaki chini ya kikombe ni dawa.

Onyo kwa wenye mseto wa piperakwini: kwenu ni kinyume. Mlo wa mafuta mengi huongeza mno kiwango cha piperakwini kwenye damu na unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Someni karatasi yenu.

## Hatua ya 6: Akitapika au ukisahau

Akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, rudia dozi nzima. Ikiwa ni kati ya nusu saa na saa moja, piga simu au rudi kwa mhudumu akuongoze. Baada ya hapo dawa kwa kawaida imeshapita.

Ukirudia dozi, pakiti itapungukiwa mwishoni. Rudi ulikopewa dawa, eleza kilichotokea, ongezewa. Wengi hapa hujikuta na dozi tano na kuridhika nazo.

Akitapika na dozi ya kurudia, usijaribu ya tatu. Huyo anahitaji sindano.

Ukisahau, meza mara unapokumbuka, kisha endelea mpaka zote sita ziishe. Usimeze dozi mbili kwa pamoja ili kufidia. Na kama umekosa zaidi ya moja, mweleze mhudumu.

## Hatua ya 7: Vuka siku ambayo homa imekwisha

Kwa kawaida joto hushuka ndani ya siku moja au mbili. Mgonjwa anakaa, anaomba chakula, anataka kurudi kazini. Na vidonge vinaonekana havina kazi tena.

Tuingie kwenye hesabu, maana maneno "maliza dozi" yamesemwa mpaka yamechuja. Mgonjwa wa falsiparamu anaweza kuwa na vimelea bilioni 100 kwenye damu. Kila mzunguko wa uzazi wao huchukua takriban saa 48, na dawa za jamii ya artemisinini zinaweza kuvipunguza mara 10,000 hivi katika kila mzunguko. Baada ya mzunguko wa kwanza, bilioni 100 zimekuwa milioni 10. Gawa kwa lita tano za damu: ni vimelea 2 katika kila maikrolita, yaani sehemu moja ya milioni ya lita. Hiyo ni idadi ndogo mno kuleta homa, na hadubini za kawaida hazivioni. Mgonjwa anajisikia mzima. Ana milioni 10.

Siku tatu za dawa hugusa mizunguko miwili. Baada ya mzunguko wa pili, milioni 10 zimebaki kama 1,000. Hao ndio lumefantrini inawamalizia, kwa kukaa mwilini siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Ndiyo maana ya mseto: moja ya kushtukiza, nyingine ya kukesha.

Anayeacha siku ya pili amefanya mambo mawili kwa pamoja. Ameacha vimelea mamilioni badala ya elfu moja hivi. Na ameviacha na lumefantrini hafifu, isiyojazwa, ya kuvichuja. Dawa haiumbi usugu. Mabadiliko ya jeni hutokea yenyewe kwa bahati kila vimelea vinapozaana. Kazi ya dozi pungufu ni kuwaondoa washindani wa kile kimelea kimoja chenye bahati. Kikifika kwenye mbu, kinahamia kwa jirani.

Hali imekuwa nzito zaidi sasa. Usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, ambao ulibainika kwanza magharibi mwa Kambodia, umethibitishwa pia Afrika: Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea. Chanzo ni mabadiliko kwenye jeni iitwayo K13. Katika Rwanda na mkoa wa Kagera, Tanzania, badiliko lililojitokeza ni R561H. Uganda ni C469Y na A675V. Eritrea ni R622I. Vimelea hivyo havipuuzi dawa kabisa. Vinapokuwa vichanga ndani ya chembe ya damu vinajituliza, vinasubiri artemisinini ipite, kisha vinaendelea. Kwa hiyo vinakufa polepole, na siku ya tatu bado vinaonekana kwenye hadubini.

Mgonjwa wa aina hiyo kwa kawaida bado anapona, mradi dawa ya pili inafanya kazi. Lakini ile hesabu ya 10,000 haimhusu. Lumefantrini inaachiwa kundi kubwa zaidi. Hapo ndipo mafuta na dozi za mwisho vinapokuwa na uzito mara dufu. Kambodia waliona mwisho wake: vimelea vilipoishinda na piperakwini pia, mseto mzima ulianguka na nchi ikalazimika kubadilisha dawa.

Umefaulu ukiwa na alama sita za vema kwenye karatasi, pakiti tupu, na joto chini ya nyuzi 37.5. Uchovu wa siku kadhaa baadaye ni wa kawaida. Umefeli, na unatakiwa kurudi kituoni, kama baada ya siku mbili za dawa homa haijalegea hata kidogo, au wakati wowote dalili za Hatua ya 2 zikijitokeza.

## Hatua ya 8: Homa ikirudi, jua uko siku ya ngapi

Hesabu siku tangu dozi ya kwanza. Jibu linategemea hilo kuliko ukali wa homa.

Ndani ya siku 28. Inaweza kuwa malaria ile ile iliyofufuka, inaweza kuwa umeumwa na mbu mwingine, inaweza kuwa ugonjwa tofauti. Omba kipimo cha hadubini kwa jina. Kipimo cha haraka cha HRP2 kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya kupona, kwa sababu protini inachelewa kuondoka kwenye damu hata vimelea vikiwa vimekufa vyote. Nadhani nusu ya hofu ya "malaria isiyoisha" inatoka hapa: mtu anapona, anapimwa tena "kuhakikisha", mstari unatokea, anapewa dozi nyingine, wiki inayofuata hivyo hivyo. Kama huna dalili, usijipime tena kwa kipimo cha haraka.

Hadubini ikionyesha vimelea, usirudie ALU kwa uamuzi wako. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kutumia mseto mwingine ulio kwenye mwongozo wa nchi kama chaguo la pili.

Baada ya siku 28. Huhesabiwa kuwa maambukizi mapya mpaka ithibitike vinginevyo. Dawa ya kwanza inaweza kutumika tena, ukianza na Hatua ya 1.

Homa inayorudi miezi baadaye, bila kuwa kwenye eneo la malaria, inaweza kuwa ya vaivaksi au ovale, aina za malaria ambazo vimelea vyake hujificha kwenye ini. ALU haifiki huko. Hutibiwa kwa kuongezewa primakwini kwa siku kadhaa, baada ya kupimwa upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, kwa sababu primakwini huweza kuvunja chembe nyekundu za mtu mwenye upungufu huo.

## Njia za mkato zinazoharibu kazi yote

Vidonge vya akiba. Dozi nusu ya jana na nusu ya mtoto wa jirani hazifanyi dozi moja. Vikibaki kwa sababu halali, mathalani matibabu yamebadilishwa, virudishe kwa mfamasia.

SP (sulfadoksini na pirimethamini) kama tiba. Kwa sasa kazi yake kubwa ni kinga, hasa kwa wajawazito kuanzia muhula wa pili, kwa kufuata kliniki. Mjamzito anayetumia kotrimoksazoli (Septrin) hapewi SP.

Klorokwini kwa malaria ya falsiparamu. Barani Afrika iliachwa kwa sababu ilishindwa, na kushindwa huko kuligharimu maisha ya watoto wengi.

Chai ya pakanga (Artemisia). Ni kweli artemisinini hutoka kwenye mmea huo. Lakini kiasi kilichomo kwenye majani hubadilikabadilika, kwenye chai ni kidogo, na hakuna dawa ya pili ya kukesha. Shirika la Afya Duniani halikubali mmea huo kwa namna yoyote isiyo dawa iliyotengenezwa kwa viwango.

## Ukirudi kituoni, beba hivi

Pakiti tupu, yenye namba ya toleo. Karatasi ya ratiba yenye saa halisi ulizomeza, pamoja na kile ulichokula. Tarehe na aina ya kipimo cha kwanza. Orodha ya dawa nyingine unazotumia. Mhudumu mwenye vitu hivyo vinne anaweza kutofautisha dawa iliyoshindwa na dozi iliyokosewa ndani ya dakika chache. Bila hivyo anabahatisha. Kama umemeza zote sita kwa saa zake, na mafuta, na hadubini bado inaona vimelea, liseme hivyo hivyo na uombe liandikwe na kuripotiwa, kwa kuwa nchi hubadilisha dawa yake ya kwanza pale tafiti zinapoonyesha inashindwa kwa zaidi ya asilimia 10 ya wagonjwa, na taarifa za vituoni ndizo huonyesha pa kuanza kuchunguza. Ukipewa mseto mpya, rudi Hatua ya 4 na uandike ratiba upya ukiwa umesoma karatasi yake, hasa sehemu ya chakula.